Wimbo Ni wa Nani?

Wenzangu wa kidato cha tatu hunicheka eti napenda nyimbo za wazee. Basi hebu nisikizeni. Creedence Clearwater Revival walianza kama sisi: John Fogerty, Stu Cook na Doug Clifford walikuwa wanafunzi wa shule moja huko El Cerrito, California, kisha Tom, kakake John, akajiunga nao. Mwaka wa 1969 pekee walitoa albamu tatu! Waliimba habari za vinamasi vya Louisiana, na wala hawakuzaliwa huko. Kufikia 1972 walikuwa wamekorofishana, bendi ikavunjika.

Linaloniuma ni hili. John aligombana na kampuni ya rekodi, akakataa kuziimba nyimbo hizo jukwaani kwa miaka mingi. Mwenyewe kanyamaza, mashabiki hawakunyamaza ng'o. Mwaka wa 1987 alianza tena, na Julai akaziimba karibu na Washington mbele ya wanajeshi waliopigana Vietnam, watu waliozisikiliza hukohuko vitani. Sehemu kubwa ya haki za nyimbo zake aliipata 2023.

Mimi nasema bila uoga: kampuni ilikuwa na karatasi tu. Wimbo ulikuwa wa walioendelea kuuimba. Baba yangu huimba "Proud Mary" akinyoa ndevu, maneno nusu kayakosea, na hakuna wa kumshtaki.