Ukinzani wa Umeme na Upweke wa Istilahi: Mfano wa Kunduchi

Imekuwa ada, kila mjadala wa lugha ya kufundishia unapozuka, kudaiwa kwamba Kiswahili hakina istilahi za sayansi. Dai hilo lilikwisha kujibiwa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na neno ukinzani limekuwamo katika masomo ya sayansi ya shule ya msingi. Ni neno lililoundwa vizuri. Limetokana na kitenzi kinza, yaani kupinga au kuzuia, na kutokana na mzizi huo lugha yaweza kuzaa kikinza, kwa maana ya kifaa chenyewe, bila kuvunja utaratibu wowote wa ngeli. Wajerumani nao huiita hali hiyo Widerstand, neno lile lile wanalolitumia kwa upinzani wa kawaida, na hakuna aliyewahi kusema kwamba Kijerumani hakifai kwa fizikia. Tatizo, basi, si uhaba wa maneno. Istilahi zimeundwa kama nomino pweke, zikaachwa bila sentensi za kuishi ndani yake.

Chukua mfano wa Kunduchi. Jioni, watu wanaporejea makwao na kuwasha taa, feni na pasi kwa wakati mmoja, nyumba zilizo mwisho wa laini ndefu huona balbu ikififia na kuwa ya manjano. Wakazi husema: umeme ni mdogo. Usemi huo ni sahihi kwa kiasi chake. Waya mrefu una ukinzani. Mkondo unaopita humo ukiongezeka, sehemu kubwa zaidi ya zile volti 230 hupotea njiani, na kinachofika nyumbani hupungua. Kanuni aliyoitangaza Georg Simon Ohm mwaka 1827 yaeleza jambo hilo barabara, na fundi wa Mtongani alijuaye kwa macho na mikono hahitaji kushawishiwa.

Ugumu waanza pale friji inapoungua. Mwenye nyumba huambiwa kwamba imeunguzwa na umeme mdogo. Kijana anayejifunza ufundi ana haki ya kushangaa: kidogo kinaunguzaje? Jibu ni kwamba neno umeme hapa limebeba mizigo miwili. Kilichopungua ni volteji. Kilichozidi, ndani ya mota inayohangaika kuzunguka, ni mkondo, na joto katika waya huongezeka kwa kipeo cha pili cha mkondo, hata mkondo ukiwa maradufu joto huwa mara nne. Mota haitii kanuni ya Ohm kama kikinza kitiivyo. Hata balbu ya kawaida ya wati 60 haiitii kwa ukamilifu: ikiwaka, ukinzani wake hukaribia omu 880, ikiwa baridi, ni kama sehemu moja ya kumi ya hapo au pungufu. Ndiyo sababu balbu nyingi hukatika wakati wa kuwashwa. Fundi hulijua tukio hili, ila lugha ya karakana haijampa namna ya kulitenganisha na mengine.

Ikumbukwe kwamba karakana hiyo haikosi ubunifu. Waya hupiga shoti, mota huvuta umeme, kapasita hufa, mita husoma. Vitenzi hivi vyafanya kazi ambayo orodha za istilahi hazijaifanya. Rezista nayo (kwani utohozi ndio ulioshinda huko, na si vibaya) husomwa kwa rangi: nyeusi ni sifuri, kahawia ni moja, nyekundu ni mbili, na kuendelea hadi nyeupe, ambayo ni tisa. Katika rangi hizo kumi, tatu tu zina vivumishi vya asili ya Kibantu; zilizosalia, isipokuwa buluu, zimeazimwa kwa kahawa, chungwa, manjano, majani, zambarau na jivu. Mfumo mzima wa kimataifa umetoshelezwa na vitu vya sokoni.

Anayepata hasara ni mwanafunzi. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike kufundishia sekondari kuanzia 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na Kiingereza kingali lugha ya kufundishia katika ngazi hiyo. Hivyo ukinzani aliojifunza utotoni hukoma mlangoni mwa kidato cha kwanza. Akirudi mtaani, hukuta fyuzi iliyoungua ikibadilishwa kwa uzi mnene wa shaba. Anajua fomula ya kuthibitisha kwamba uzi huo hautakatika hata nyumba ikishika moto, lakini hana Kiswahili cha kumweleza baba yake.

Wanaoshikilia kwamba istilahi zaidi zikiundwa mambo yatanyooka wamekosea mahali pa kuanzia. Wanaisimu waende kwanza karakana za Mtongani na Tegeta, wakusanye vitenzi pamoja na sentensi zake, ndipo waamue wapi volteji, mkondo na ukinzani vitenganishwe. Kidahizo cha kwanza kiwe umeme mdogo, na fasili yake isichapishwe kabla ya kusomewa fundi na kusahihishwa naye.