Ekzosi ikipasuka Dodoma: Unafuu wa leo usiwe deni la kesho

KELELE zinazosikika asubuhi katika barabara za Dodoma, kuanzia Nkuhungu na Kizota hadi njia ya kuelekea Mji wa Serikali wa Mtumba, hazitoki kwa pikipiki peke yake. Baadhi zinatoka chini ya magari madogo ya watumishi na wafanyabiashara, ambayo ekzosi zake zimepasuka, zimekatika au zimetolewa kitu ndani, na wenye magari hayo wanasubiri mwisho wa mwezi ndipo waende kwa fundi.

Kwa haraka jambo hili laweza kuonekana dogo, lisilostahili nafasi katika kurasa za uchambuzi. Lakini ukilitazama kwa makini linagusa mambo matatu kwa pamoja: mfuko wa mkazi wa mji, afya ya abiria wake, na hatima ya sera ambazo nchi imezigharimia kwa miaka mingi.

Tuanze na mji wenyewe. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika iliyokuwa Manispaa ya Dodoma. Miaka 10 baadaye, Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 765,179. Katikati ya sensa hizo mbili, Julai 2016, Rais John Magufuli alitangaza kuwa Serikali itahamia Dodoma, na Aprili 26, 2018 manispaa hiyo ikapandishwa hadhi kuwa jiji.

Watumishi walikuja na magari yao. Wengine walinunua baada ya kufika, kwa sababu umbali kati ya makazi na Mtumba si wa kutembea kwa miguu. Na gari ambalo mshahara wa kawaida unaweza kulifikia ni la mtumba kutoka Japan, lililokwisha kutumika miaka mingi kabla ya kushushwa Bandari ya Dar es Salaam.

Hapa ndipo sera inapoingia. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8. Uganda, kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2018, ilipiga marufuku kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi. Tanzania haikuchagua marufuku, bali ilichagua kuyatoza magari yaliyozeeka ushuru wa ziada. Uamuzi huo umewawezesha wananchi wengi kumiliki gari. Lakini gari likizeeka, ekzosi yake nayo imezeeka, na bili ya uzee huo hulipwa gereji.

Katika miji ya pwani, adui mkubwa wa ekzosi ni kutu inayoletwa na hewa ya chumvi na unyevu. Dodoma ni tofauti. Mvua zake kwa wastani hazifiki milimita 600 kwa mwaka, na hewa ni kavu kwa miezi mingi. Adui hapa ni ardhi. Viwanja vipya vimepimwa na nyumba zimejengwa kabla ya lami kufika. Gari lenye tumbo la chini, likiwa na watu watano ndani, linapita juu ya makorongo, mawe na matuta, na kitu cha kwanza kugonga mara nyingi ni bomba la ekzosi au sailensa yake.

Adui wa pili ni raba zinazoning'iniza ekzosi. Joto na umri huzikausha, zikapasuka. Raba moja ikikatika, bomba huanza kutikisika na uzito wake wote kubebwa na kiungo cha karibu. Baada ya muda, kiungo hicho hupata ufa. Mwenye gari anapokwenda kuchomelea ufa bila kubadilisha raba, anarudi kwa fundi baada ya wiki chache na kulaumu kazi mbaya, kumbe chanzo hakikuguswa.

Adui wa tatu haonekani. Petroli inapoungua hutoa pia mvuke wa maji. Gari linaloendeshwa safari fupi tu, kutoka nyumbani hadi ofisini na kurudi, halipati muda wa kupasha moto bomba lote hadi maji hayo yakauke. Hubaki ndani ya sailensa na kuila taratibu. Ndiyo maana sailensa inaweza kuonekana nzima kwa nje, kumbe ndani imekwisha.

Je, mwenye kipato cha kawaida afanye nini? Jibu la kwanza ni kujua kilichoharibika kabla ya kuulizia bei. Gari likiwa mahali pa wazi na injini ikiunguruma taratibu, mtu anaweza kusikiliza sauti ya kufuka, kisha injini ikipoa atazame alama za masizi meusi kwenye viungo. Masizi huonyesha mahali moshi unapotokea. Asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki pekee.

Ikiwa tatizo ni raba au kibanio, hiyo ndiyo matengenezo ya bei ndogo kuliko yote. Ikiwa ni ufa au tundu kwenye bomba, kuchomelea kiraka ni njia halali na imara, mradi fundi akwangue kutu hadi afike kwenye chuma kizima, na achomoe waya wa betri kabla ya kuchomelea kwa umeme ili asiunguze kompyuta ya gari. Ikiwa sailensa imeoza ndani, kuichomelea ni kupoteza fedha. Sailensa ya mtumba iliyo nzima, au iliyotengenezwa na fundi wa hapa nchini, itadumu zaidi.

Lipo pia jambo la kuepuka. Bomba la maji lililopakwa zinki lisitumike kama kipande cha ekzosi. Zinki inapochomelewa hutoa moshi unaomletea fundi homa na kifua kubana. Vilevile gundi na vipande vya kopo vilivyofungwa kwa waya ni vya kufikishia gari gereji tu, si matengenezo.

Hadi hapo, unafuu ni unafuu wa kweli. Fundi wa kuchomelea anaokoa kitu ambacho katika nchi tajiri kingetupwa, na anastahili sifa. Tatizo huanza pale ushauri unapohama kutoka kwenye bomba kwenda kwenye masega.

Masega ni jina ambalo mafundi wamekipa kifaa kilicho ndani ya ekzosi ya magari ya petroli ya miaka ya karibuni, kwa sababu matundu yake yanafanana na sega la nyuki. Kazi yake ni kuibadilisha gesi yenye sumu ya kaboni monoksaidi, mabaki ya petroli na gesi za naitrojeni kuwa gesi zisizo na madhara makubwa kiasi hicho. Ndani yake mna madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu.

Gari likipoteza nguvu, ushauri wa kawaida katika gereji nyingi ni kutoa masega kwa kuwa yameziba. Ni kweli yanaweza kuziba. Lakini mara nyingi huziba kwa sababu injini inaunguza oili au plagi hazichomi vizuri, na petroli isiyoungua huenda kuyayeyusha. Kuyatoa bila kutibu injini ni sawa na kuvunja kipimajoto ili homa ishuke. Gari hupata wepesi kwa muda, ugonjwa unaendelea.

Gharama zake huja baadaye. Katika magari mengi taa ya tahadhari ya injini huwaka na haizimiki, hivyo siku ikiwaka kwa sababu nyingine dereva hatajua. Aidha, kazi ya kukata na kuunga ikiacha tundu karibu na sensa ya oksijeni, hewa ya nje huingia, kompyuta ikadhani petroli haitoshi na kuiongeza. Tuchukue hesabu ya mfano. Gari linalotumia lita 40 kwa wiki, likiongeza unywaji kwa sehemu moja ya ishirini tu, hula lita 2 zaidi kila wiki, sawa na lita 104 kwa mwaka. Msomaji azizidishe kwa bei kikomo ambayo EWURA huitangaza kila mwezi, kisha alinganishe na alichookoa kwa fundi.

Kuna hasara nyingine isiyosemwa. Madini yaliyomo ndani ya masega yana soko. Mwaka 2021 bei ya rodiamu ilipita dola 20,000 za Marekani kwa wakia moja katika soko la dunia, na ingawa ilishuka sana baadaye, masega makuukuu bado yana wanunuzi. Mteja anayelipia kutolewa masega na kuyaacha gereji, amelipa ili achukuliwe mali yake. Kama lazima yatolewe kwa kuwa yameyeyuka, na akabidhiwe mkononi.

Lililo zito zaidi ni uhai. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Katika miezi ya Juni hadi Agosti, baridi na vumbi la Dodoma huwafanya wasafiri wafunge vioo vyote. Ekzosi iliyopasuka chini ya viti inaweza kupenyeza gesi hiyo ndani. Maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi wa ghafla ndani ya gari si lazima uwe uchovu wa safari. Dereva asimamishe gari, afungue milango, watu washuke.

Kwa upande wa nchi, kinachopotea ni jitihada za miaka mingi. Hadi kuanza kwa mwaka 2006, nchi za Kusini mwa Sahara zilikuwa zimeachana na petroli yenye madini ya risasi, ambayo huharibu masega. Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilianza kutumia dizeli yenye salfa kidogo. Tumekubali kununua mafuta safi, kisha tunaondoa kifaa ambacho mafuta hayo yanakiwezesha kufanya kazi.

Sheria hazikosekani. Ipo Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na zipo kanuni za ubora wa hewa za mwaka 2007 na za kelele na mitetemo za mwaka 2015. Kinachokosekana ni kuzifikisha chini ya gari. Rwanda ilianza kupima moshi wa magari mwaka 2025. Sisi bado ukaguzi wa magari binafsi hutajwa zaidi inapokaribia Wiki ya Nenda kwa Usalama.

Wapo watakaosema, na wana hoja, kwamba ukaguzi mkali utakuwa mzigo mwingine kwa mwananchi na mlango mwingine wa faini barabarani. Hofu hiyo ni halali. Kwa hiyo, tusianze na mitambo ghali wala faini. Tuanze na kelele na uvujaji, vitu ambavyo sikio na jicho vinatosha kuvitambua, na mwenye gari apewe muda wa kutengeneza kabla ya kuadhibiwa. VETA, ambayo tayari hutambua ujuzi wa mafundi waliojifunza mitaani, iwape mafundi wa ekzosi somo la masega. Jiji nalo, linapotoa leseni za gereji, liulize masega yanayotolewa yanakwenda wapi.

Kwa mwenye gari, kanuni ni fupi: badilisha raba mapema, chomelea kinachochomeleka, tibu injini kabla ya kulaumu masega. Wahenga walikwisha kusema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika ekzosi, asiyeziba ufa huenda asipate hata nafasi ya kuujenga huo ukuta.