Rafiki Asiyelazimika

Toleo hili linahusu urafiki katika vitabu vikuu vya Kiswahili. Tulipowaalika waandishi tuliwaomba wasituorodheshee wahusika wema na wahusika wabaya. Kazi hiyo inafanyika vya kutosha darasani, ambako dhamira ya urafiki huandikwa kwa mistari mitatu na mwanafunzi akapewa alama zake. Tuliwauliza jambo jingine: katika vitabu hivi, ni nani hubaki na mwenzake siku ambayo kubaki hakumpi faida yoyote, wala hakuna undugu au mila inayomlazimisha?

Swali hilo limezaliwa hapa Busale, kwetu Wanyakyusa, na halikuzaliwa kwa bahati. Wanyakyusa wana historia ya urafiki isiyo na mfano wa karibu. Kati ya mwaka 1934 na 1938 Godfrey Wilson na mkewe Monica waliishi na wazee wetu, na mwaka 1951 Monica akatoa kitabu, Good Company, kuhusu vijiji vya marika. Mvulana wa miaka kumi hivi, aliyekuwa akichunga ng'ombe wa baba yake, aliondoka kwenda kulala na wenzake wa rika moja katika vibanda walivyojijengea pembeni ya kijiji cha wazazi. Chakula waliendelea kula kwa mama zao, ila waliingia kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Walipooa, wake zao walihamia hapo hapo. Wakazeeka pamoja. Mara moja katika kila kizazi ilifanyika sherehe ya ubusoka, baba wakawakabidhi wana uongozi wa nchi. Kukaa na wenzako, kula nao, kunywa nao na kuzungumza nao ndiko kulikoitwa ukwangala, na ndiko kulikomfanya mtu aonekane mtu. Aliyejitenga na kula peke yake alitazamwa kwa shaka, na kutoka kwenye shaka hiyo hadi kwenye tuhuma za uchawi hapakuwa mbali.

Vijiji hivyo havipo tena. Ardhi iliadimika, mpunga ukawa wa kuuza, vijana wakafuata fedha kwenye dhahabu ya Lupa na migodi ya kusini, kila kaya ikashika shamba lake. Siku hizi husemwa sana kwamba upweke wa vijana wetu umeingia kupitia tundu hilo, na kwamba tungekuwa bado na marika asingekuwapo mtu wa kulia peke yake. Naiheshimu huzuni iliyo ndani ya kauli hiyo. Hata hivyo siikubali, na vitabu tulivyovisoma kwa ajili ya toleo hili ndivyo vinavyonizuia. Rika hukupa mwenzako wa kukaa naye. Haliwezi kukupa uaminifu wake.

Mchukueni Kazimoto wa Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1974. Wahakiki wengi wamemsoma kwa jicho la udhanaishi, wakamweka jirani na wahusika wa Camus na Sartre: msomi aliyekosa maana ya maisha, aliyeng'olewa kwao na elimu. Usomaji huo una msingi. Lakini unapita haraka mno juu ya kile kilichotokea kabla ya falsafa. Manase, mwenzake Kazimoto wa tangu utotoni, alimpa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, na Rukia akafa. Kazimoto hakuwa na ugomvi na ulimwengu mzima siku hiyo. Alikuwa na ugomvi na rafiki. Akapanga kulipiza kisasi kwa Sabina, dada wa Manase, kisha kisasi kikageuka ndoa, na ndoa ikaishia kwenye mtoto mwenye kichwa kikubwa na kifo cha Kazimoto kwa mkono wake mwenyewe. Upweke wa kitabu hiki haukutoka Ulaya kwenye maandiko ya wanafalsafa. Umetoka kwa kijana wa nyumba ya pili. Nadhani ndiyo sababu unatisha kuliko upweke mwingine wowote katika fasihi yetu: Kazimoto hana uhaba wa watu, amezungukwa nao, na hana hata mmoja wa kumweleza yaliyo moyoni.

Damu nayo haijafanya vizuri zaidi. Shaaban Robert alilisema hilo mapema, katika Adili na Nduguze ya mwaka 1952. Hasidi na Mwivu wanamtupa ndugu yao Adili baharini kwa wivu. Anayemwokoa ni Huria, jini, kiumbe asiye hata wa jinsi yake, ambaye Adili aliwahi kumtendea wema bila kumjua. Ndugu wanageuzwa manyani, na kila usiku Adili analazimika kuwapiga mijeledi, kisha anawalisha kwa mikono yake. Wengi hukumbuka kitabu hiki kama hadithi ya wema kushinda. Mimi hukumbuka hizo saa za usiku: liwali mwenye mji mzima chini yake, amejifungia na siri asiyoweza kumshirikisha mtu, akilia juu ya watu aliowapenda na waliomsaliti. Shaaban Robert huhubiri, ni kweli, lakini hapo hakuhubiri. Aliacha kilio kiseme.

Si ajabu pia kwamba tamthilia mbili za Shakespeare alizozitafsiri Mwalimu Nyerere, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, zote zimesimama juu ya urafiki. Katika moja rafiki anamchoma rafiki kisu. Katika nyingine rafiki anaweka rehani ratili ya nyama ya mwili wake kwa ajili ya mwenzake.

Sasa njooni kwa Mwajuma. Katika Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999 na kufanywa filamu na Amil Shivji mwaka 2021, Yasmin ni binti wa Kihindi aliyeozwa angali mdogo kwa Bwana Raza, mtu mzima wa kumzaa. Anamtoroka. Anarudi kwa jamaa zake Unguja, nao wanamfungia mlango, kwa sababu heshima ya ukoo ina bei kuliko yeye. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke maskini wa Ng'ambo, Mwafrika, asiye na undugu naye, dini ya ukoo wala rika la kumlazimisha. Mwajuma hatoi hotuba juu ya utu. Anampa pa kulala, anampa chakula, anamfundisha kuishi mtaani, na anaendelea kuwa naye hata mapenzi ya Yasmin na Denge, mwanaharakati wa kupinga ukoloni, yanapowaletea macho ya polisi wa mkoloni. Nasema bila kusita kwamba huu ndio urafiki mkubwa kuliko wote katika riwaya ya Kiswahili. Denge na harakati zake wameandikiwa makala nyingi. Mwajuma hutajwa kama mhusika msaidizi. Hilo ni kosa la kipimo, nasi tumempa Mwajuma makala ya kwanza ya toleo hili.

Naye ndiye anayetufichulia pengo la historia yetu wenyewe. Vijiji vya marika vilikuwa vya wanaume. Msichana hakujenga kibanda na wenzake. Aliolewa akahamia kwenye kijiji cha rika la mumewe, mara nyingi la watu waliomzidi umri, akaanza upya miongoni mwa wake za wengine. Marafiki wa utotoni aliwaacha nyuma. Tuna maelezo mengi ya jinsi babu zetu walivyokaa na wenzao. Ya bibi zetu ni machache mno: nani alimshika mkono bi harusi mgeni, nani alimficha aliyepigwa, nani alimlimia mwenzake mpunga alipokuwa mzazi. Urafiki wao haukuwa na sherehe wala mahali pake maalumu, na kwa hiyo ulikuwa wa aina ile ile ya Mwajuma, usiolazimishwa na mtu.

Toleo lijalo litakuwa lao. Msomaji wa Busale, Ipinda, Matema na kwingineko, kaa na bibi yako, au mama mkubwa, au jirani yako mzee, umwombe akusimulie habari za rafiki mmoja tu. Andika kama alivyosema, kwa Kiswahili au kwa Kinyakyusa, bila kupamba, utuletee. Wengi wa wanaokumbuka wana umri mkubwa, na tunaomba msichelewe.