Watunzi Waliomezwa Redioni



Kila jioni twasikilizishwa nyimbo za zamani, na hatuambiwi ila jina la bendi. Pengine hata hilo halitajwi. Twauliza: waliozitunga ni mashetani, wasiotajika?

Mtazameni Nashil Pichen Kazembe. Alikuwa mtu wa Zambia, nchi ianzayo pale Tunduma inapokoma. Katika miaka ya 1960 alikuwako Nairobi pamoja na Mzambia mwenzake, Peter Tsotsi Juma, katika Equator Sound Band ya akina Fadhili William na Daudi Kabaka, akiimba kwa Kiswahili. Malori yapita Tunduma usiku na mchana. Ni vijana wangapi wa Songwe, mkoa uliozaliwa 2016, wamjuao jirani yao huyu?

Na huko Dar es Salaam? NUTA Jazz, ya mwaka 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi: ala za chama, mshahara wa chama. Chama kilipobadili jina, bendi nayo ikabadilishwa: ikawa JUWATA, kisha OTTU. Bwana akibadili kilemba, mtumwa naye hubadilishwa jina!

Wasemao ati hakuna sheria wasituhadae. Bara ina Sheria ya Hakimiliki Na. 7 ya 1999, na Zanzibar ina yake ya 2003. Sisi wenye maduka twajua: mzigo usioandikwa jina la mwenyewe huliwa na wapagazi.

Twataka jina la mtunzi litangulie kila wimbo upigwapo, na ujira wake uwafikie warithi wake wangali hai.