Afya Nyumbani: Moshi Unarudi Ndani



Mama mmoja wa Kiloleli, Mkoa wa Simiyu, ametuandikia barua. Ameiandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa penseli. Tumefurahi sana kuipata. Anasema ameacha mafiga matatu. Amejenga jiko la udongo lenye mashimo mawili ya sufuria na bomba la kutolea moshi. Lakini moshi haupandi katika bomba. Unarudi kwenye mdomo wa jiko na kujaa nyumba nzima. Anauliza, "Nimekosea wapi?"

Mwisho wa barua ameongeza maneno machache. Anasema binti yake amejifungua, na usiku kuna baridi. Jiko likiendelea kutoa moshi, atatia makaa katika karai. Karai ataliweka chumbani kwa mzazi na mtoto, mlango ufungwe, kwa kuwa makaa hayana moshi.

Mayu, swali lako la bomba tutalijibu. Lakini tunaanza na hayo maneno ya mwisho. Usiweke makaa chumbani. Gazeti hutoka mara moja kwa mwezi, na baridi haingoji gazeti. Kwa hiyo mama huyu tumempigia simu kwanza. Ninyi wengine mnaofanya vivyo hivyo, someni hapa.

Kuni hutoa moshi. Moshi unauona, unawasha macho, unakufanya ukohoe. Ukizidi, unatoka nje mwenyewe. Makaa ni tofauti. Yakiwa mekundu hayatoi moshi, wala hayawashi macho. Lakini yanatoa hewa ya sumu. Wataalamu huiita kaboni monoksidi. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, haina ladha. Huwezi kuiona hata ukiwasha taa. Na makaa hutoa sumu hiyo kwa wingi, pengine kuliko kuni zenye moshi mwingi.

Inauaje? Fikiri juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Katika damu yako kuna chembe nyekundu. Kazi yake ni kama ya mikokoteni. Zinabeba hewa ya oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima, kwenye ubongo na kwenye moyo. Hewa ya sumu ikiingia mapafuni, inapanda mkokoteni kabla ya oksijeni. Nayo inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mkokoteni umejaa mawe, mtama utapakiwa wapi? Mtu anaendelea kuvuta pumzi, lakini mwili wake haupati kitu.

Kwanza kichwa kinauma. Kisha kizunguzungu, kichefuchefu, pengine kutapika. Miguu inakosa nguvu. Akili inachanganyika. Mtu aliye macho anaweza kushindwa kufika mlangoni. Aliyelala hahisi lolote. Analala zaidi, na asubuhi haamki. Mtoto mchanga anapumua haraka kuliko mtu mzima, kwa hiyo sumu inamwingia upesi. Mama mjamzito akivuta hewa hiyo, inamfikia na mtoto aliye tumboni.

Hapa kwetu kichwa kikiuma na mtu akitapika, tunasema ni malaria. Mara nyingi ni kweli. Lakini jiulize: je, watu wote wa nyumba wameumwa usiku mmoja? Je, wakitoka nje wanapata nafuu, wakirudi ndani wanaumwa tena? Je, kulikuwa na makaa au moto ndani? Kama ni hivyo, usingoje. Fungua milango na madirisha. Watoe watu wote nje penye hewa safi. Toa jiko nje kama unaweza kufanya hivyo bila kukaa ndani. Kisha wapeleke wagonjwa kituo cha afya au hospitali, hata kama wanasema wamepona. Mwambie mganga wazi, "Tulilala na makaa chumbani." Asipoambiwa atatafuta ugonjwa mwingine. Dawa ya sumu hiyo ni oksijeni.

Watu wengi hukimbilia kumpa mgonjwa maziwa. Maziwa hayaondoi hewa iliyo katika damu. Na mtu aliyezimia ukimnywesha kitu chochote, kinaweza kuingia mapafuni na kumpalia.

Basi mzazi na mtoto wapate joto namna gani? Mkaushe mtoto vizuri. Mvike kofia na soksi. Mweke kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kisha wafunikeni wote wawili kwa blanketi, uso wa mtoto ukiwa wazi. Mwili wa mama una joto la kutosha, nao hautoi sumu. Hata hospitalini watoto waliozaliwa kabla ya wakati hutunzwa hivyo. Kama chumba ni cha baridi sana, ziba nyufa za ukuta upande wa upepo. Chemsha maji jikoni, yatie katika chupa ngumu yenye kifuniko kisichovuja, izungushie kitambaa kinene, na pashia kitanda joto kabla hawajalala. Kisha iondoe.

Sasa tuje kwenye bomba.

Bomba la moshi halina mashine. Linafanya kazi kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi kuliko hewa ya baridi. Hewa nyepesi inapanda. Ikipanda, inavuta hewa nyingine nyuma yake kupitia mdomo wa jiko. Hewa hiyo ndiyo inayochochea moto. Kwa hiyo jiko linahitaji njia mbili: njia ya hewa kuingia na njia ya moshi kutoka. Ukiziba mojawapo, moshi unarudi kwako.

Mayu, anza kutazama juu. Mwisho wa bomba lako uko wapi? Kama uko chini ya kipeo cha paa, upepo unagonga paa na kusukuma moshi urudi chini. Bomba lipite kipeo cha paa kwa dhiraa moja, yaani kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Weka kofia ya bati juu ili mvua isiingie, lakini iache nafasi pande zote. Tumeona mabomba yaliyofunikwa kwa kopo, moshi haupiti kabisa. Mwenye nyumba analaumu udongo.

Kisha tazama upana na mwendo wa bomba. Upana wa ndani uwe sentimita 10 hadi 15. Bomba lisimame wima. Likilala au likipinda mara nyingi, moshi unachoka njiani.

Tazama mashimo ya sufuria. Sufuria ikae vizuri kwenye shimo lake pasiwe na mwanya. Kama unapika sufuria moja tu, shimo la pili lifunikwe kwa sufuria ya maji. Shimo likiachwa wazi, hewa ya baridi inaingia na kuharibu mvuto wote. Kosa hili ni la kawaida sana, na kulirekebisha hakugharimu hata senti moja. Huenda ndilo kosa lako.

Tazama mdomo wa jiko. Usiujaze kuni mpaka juu. Weka kuni mbili au tatu zilizopasuliwa, kavu kabisa. Chini yake pabaki nafasi ya hewa kupita. Toa majivu kila asubuhi. Kuni mbichi hutoa maji na moshi mzito, na bomba halipati joto. Tunajua kuni zimekuwa mbali. Wengi huko kwenu hutumia miti ya pamba iliyong'olewa baada ya mavuno, au mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Hivyo hutoa moshi mwingi, ndiyo maana bomba zuri linahitajika zaidi. Vianike, uvitunze mahali pakavu.

Je, jiko ni jipya? Udongo mbichi hauvuti moshi vizuri. Jiko jipya likauke polepole, wiki mbili au tatu, kabla ya kuwasha moto mkubwa. Ukilikausha kwa haraka litapasuka, na kila ufa ni mlango wa moshi. Ziba nyufa kwa udongo uleule wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na nyasi zilizokatwakatwa. Asubuhi bomba likiwa baridi, washa kwanza konzi moja ya nyasi kavu chini ya bomba. Bomba likipata joto, ndipo uwashe kuni.

Sasa nyumba yenyewe. Hata penye bomba, jikoni pawe na dirisha, na chini ya mlango pabaki nafasi. Nyumba iliyozibwa kila mahali haina hewa ya kulisha moto. Moto ukikosa hewa, unatoa ile sumu tuliyoitaja. Usifikiri kwamba kwa kuwa kuna bomba unaweza kulala jikoni na makaa yanawaka. Bomba linaweza kuziba usiku, na makaa yanapokaribia kuzimika mvuto wake unapungua.

Safisha masizi mara moja kwa mwezi. Funga matawi makavu au gunia kwenye kamba, vuta juu na chini. Masizi yakizidi hupunguza njia, tena yanaweza kushika moto ndani ya bomba.

Jambo la paa tunataka ulisome mara mbili. Kama nyumba ni ya nyasi, usipitishe bomba la bati katikati ya nyasi. Bati linapata moto, cheche zinatoka, nyumba inakwisha kabla jirani hajafika na ndoo. Afadhali jiko la namna hiyo lijengwe katika jiko la nje lililoezekwa kwa bati, mbali na nyumba ya kulala. Kwenye paa la bati nako, bomba lisiguse mbao. Acha nafasi ya dhiraa moja kati yake na mbao. Kama nafasi haipo, jenga bomba lote kwa matofali na udongo mnene.

Tunajua kuna watu wanaosema moshi hauna neno, bibi zetu walipikia moshi wakazeeka. Wengine walizeeka, kweli. Wale ambao hawakuzeeka hawapo hapa kutueleza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa duniani kwa sababu ya moshi na hewa chafu za ndani ya nyumba. Kati yao watoto wa chini ya miaka mitano walizidi 200,000. Wengi wa watoto hao waliugua kichomi.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia. Lengo ni kuwa mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umekuwa ukisambaza mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku. Kama umepata mtungi, pika kwa gesi. Lakini gesi nayo inahitaji hewa. Pikia karibu na dirisha lililo wazi, na usiwashe jiko la gesi ili kupasha joto chumba cha kulala.

Katika nchi za baridi kali, kama Uingereza, watu hupasha nyumba joto kwa majiko ya gesi. Majiko hayo hufungwa na fundi aliyesajiliwa, na mengi yana bomba la kutoa hewa chafu nje ya ukuta. Hukaguliwa mara kwa mara, na nyumbani huwekwa kifaa cha kupiga kelele sumu ikizidi. Hata hivyo kila mwaka watu wachache hufa huko, wakati mwingine kwa sababu bomba limezibwa na kiota cha ndege au uchafu. Kwa hiyo ndege si wageni wa kukaribishwa kwenye bomba lako pia.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi, inatambaa chini na kukaa sakafuni. Usiweke mtungi kwenye shimo, wala karibu na jiko la kuni. Usimamishe wima. Kila unapobadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio. Mapovu yakikua, gesi inavuja. Usipime kwa kiberiti kamwe. Gesi hutiwa harufu mbaya makusudi ili uitambue. Ukisikia harufu hiyo, funga mtungi, zima moto wote, fungua milango, toa watoto nje. Usiguse swichi ya taa.

Mayu, rudi sasa kwenye jiko lako. Funika shimo la pili. Toa majivu. Pasha bomba kwa nyasi kavu, washa kuni mbili, kisha toka nje utazame juu. Kama moshi unatoka kwenye kofia ya bomba, umekwisha kufaulu. Kama bado unarudi, tuandikie tena. Tueleze urefu wa bomba, paa ni la nyasi au bati, na upepo wa jioni unatoka upande gani. Na tuambie mtoto amepewa jina gani.