Umeme wa Kuushtua Moyo Usiishie Wodini

Rai yetu ni kwamba mashine ya kuushtua moyo kwa umeme, ambayo aghalabu husubiri ndani ya hospitali kubwa, yapasa iwekwe viwanjani, bandarini na katika vituo vya mabasi, mahali ambapo maradhi ya ghafula huwakuta watu.

Bernard Lown, tabibu na mtafiti wa Boston nchini Marekani, alibainisha mnamo 1962 kwamba mshtuo mfupi wa umeme wa mkondo mmoja huurejesha moyo katika mapigo yake kwa salama kuliko umeme wa mkondo geu uliotangulia; na wengi wanaofariki katika saa ya kwanza ya shambulio la moyo hawauawi na kuziba kwa mshipa peke yake, bali na moyo kutetemeka ovyo pasipo kusukuma damu.

Kila dakika ipitayo bila mshtuo huo, wala kifua kukandamizwa, hupunguza tamaa ya uhai kwa asilimia 7 hadi 10, nalo gari la wagonjwa, kwa foleni tuzijuazo, ni nadra kuwahi. Mashine za leo hutoa maelekezo kwa sauti, hupima mapigo zenyewe na kukataa kutoa umeme usiohitajika. Hata mkata tiketi aweza kuzitumia.

Wenye dhamana ya afya na uchukuzi wazitengee fungu katika bajeti ijayo, na wawafunze wahudumu wa viwanja kabla ligi haijaanza.