Seli Yenye Homa Haina Rufaa

Naomba nafasi katika jarida letu la mwaka huu nitoe dukuduku langu juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona kuwa la Chama cha Sayansi, si la Chama cha Kiswahili. Lakini lugha ni ya kusemea mambo yote, na hili afadhali tulisemee mapema. Nataka kuzungumzia zile seli za lithiamu tunazozitoa katika betri kuukuu za vipakatalishi, tukazipima, kisha tukaziunga upya ziwe taa za kusomea na pawabenki. Msimamo wangu ni huu: seli inayopata moto ikipimwa ihukumiwe kwa moto huo, wala isije ikaokolewa na tarakimu nzuri iliyotokea kwenye kioo cha kipimaji.

Jibu nimeshalisikia mara nyingi. "Aa, hiyo ni kawaida bwana, hata simu hupata moto." Kweli simu hupata moto, lakini ndani ya simu mna vitu vingi vinavyofanya kazi kwa wakati mmoja, na betri ni kimoja tu miongoni mwavyo. Seli iliyolala peke yake juu ya meza, inayopokea nusu ampea ya umeme, haina kazi nyingine ya kuipasha. Ikitokwa na jasho hapo, basi ni mgonjwa. Dalili ya mvua ni mawingu, na sisi tunayatazama mawingu huku tukianika nguo.

Kwa wale ambao hawajawahi kuipasua betri ya kipakatalishi (na msiipasue bila mwalimu, tafadhali), ndani yake mara nyingi hukuta seli sita za duara, zenye kimo cha milimita 65 na kipenyo cha milimita 18, ndiyo maana zikaitwa 18650. Ni aina ya betri ambayo kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuiuza mwaka wa 1991, na ambayo iliwapatia Goodenough, Whittingham na Yoshino Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka wa 2019. Kipakatalishi kikikataa kuwaka kwa betri, mara nyingi ni jozi moja tu iliyokufa, na zile seli nyingine zingali na nguvu za kuwasha taa miaka kadhaa. Kwa hivyo mimi si adui wa kazi hii. Kutupa seli nne nzima kwa sababu mbili zimeoza ni ubadhirifu, na isitoshe ni sumu kwa ardhi. Ninachokataa ni kuzirudisha zile mbili mezani kwa mlango wa nyuma.

Turudi kwenye somo la Fizikia, mada ile ya joto litokanalo na umeme. Joto hupatikana kwa kuzidisha mraba wa mkondo kwa ukinzani. Seli nzima ina ukinzani mdogo, tuseme sehemu 0.05 za omu. Mpe mkondo wa ampea 1, hiyo ni wati 0.05, na mkono wako hautahisi chochote. Seli iliyochoka yenye omu 0.3 itatoa wati 0.3. Ukiongeza mkondo hadi ampea 2 kwa sababu una haraka ya kwenda kucheza kandanda, joto haliongezeki maradufu bali mara nne, linakuwa wati 1.2. Joto la namna hii huja mkondo unapokuwa mkubwa, na hupungua mkondo unapopungua. Ni joto la uzee. Seli ya namna hii haifai kwa kazi nzito, ingawa haina hila.

Joto la pili ndilo lenye hila, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Chaja nzuri hupeleka umeme mpaka seli ifike volti 4.2, halafu inaishikilia hapo huku mkondo ukipungua polepole hadi karibu kwisha. Yaani kuelekea mwisho wa kuchaji, seli inapaswa kuzidi kupoa. Sasa utakuta seli moja ambayo mwanzoni ilikuwa baridi kama wenzake, lakini ikifika volti 4.1 hivi inaanza kupata moto, na mkondo haushuki. Saa inapita, saa mbili zinapita, taa ya chaja bado ni nyekundu. Je, umeme huo unakwenda wapi? Haujai, unavuja ndani kwa ndani. Tuchukue kwamba unaingia mkondo wa ampea 0.3 kwa volti 4.2 na hakuna kinachohifadhiwa: hizo ni wati 1.26, na zote ni joto. Mkondo mdogo namna hiyo umeleta joto kuliko ampea 2 katika ile seli iliyozeeka. Kwa hivyo anayezigusa seli zake dakika kumi baada ya kuziweka kwenye chaja, akatangaza kwamba zote ni salama, amekwenda kumtembelea mgonjwa kabla homa haijapanda.

Na hapa ndipo tarakimu inapodanganya, jamani. Vile vipimaji vyetu huhesabu umeme unaoingia na kuuandika kwa mAh. Seli inayovuja huingiza umeme bila kushiba, kwa hivyo hesabu yake inazidi kupanda. Unaweza kuona seli iliyoandikwa 2200 ubavuni ikionyesha 3000 kwenye kioo, na vijana wakashangilia kwamba wameokota dhahabu. Dhahabu gani! Seli ya miaka minane haiwezi kuwa na nguvu kuliko siku iliyotoka kiwandani. Ni kama ndoo iliyotoboka inayosifiwa kwa kumeza maji mengi. Uwezo wa seli upimwe kwa umeme inaotoa, si kwa ule inaopokea. Hata hivyo, nasisitiza, seli ikitoa umeme wa kutosha lakini ilipata moto ilipokuwa ikishiba, bado haifai. Kuwa na nguvu na kuwa salama ni vitu viwili tofauti.

Sasa nije kwa hakimu mwenyewe, yaani mkono. Wengi wetu tunapima joto kwa kushika. Ngozi ya kiganja ina joto la nyuzi 32 au 33 hivi, na mkono haupimi joto, unalinganisha kitu na hali yake wenyewe. Fikiria asubuhi ya Julai kule Limuru, maabara ina nyuzi 16. Seli iliyofika nyuzi 30 imepanda nyuzi 14 juu ya hewa iliyoizunguka, na hiyo ni homa kali kwa seli inayochajiwa polepole. Mkono utakwambia ni baridi! Nenda Mombasa mwezi wa Februari, darasa lina nyuzi 32, seli ina 36. Mkono utasema imepata joto, kumbe imepanda nyuzi 4 tu. Mkono huohuo umemwachilia mwenye hatia na kumfunga asiye na hatia. Linalofaa kutazamwa ni tofauti kati ya seli na chumba, na tofauti kati ya seli na jirani zake walio kwenye chaja ya aina moja, mkondo mmoja, saa moja.

Tunasema hatuna vifaa. Si kweli. Vile vipimajoto vya bastola tulivyoelekezewa pajini langoni wakati wa Korona, mwaka wa 2020 na 2021, vingali katika kabati za shule nyingi vikila vumbi. Vingi vina kitufe cha kubadilisha kutoka joto la mwili hadi joto la vitu. Usipokibonyeza, kifaa hakitasoma seli iliyo chini ya nyuzi 32 au hivi. Kilenge kwenye ganda la plastiki la seli, si kwenye chuma kinachong'aa, kwa maana chuma king'aacho hukidanganya kifaa na kukifanya kisome chini ya kiwango halisi. Kama hakuna cha bastola, kipimajoto cha kawaida cha maabara kilichofungwa kwa utepe ubavuni mwa seli kitatenda kazi, ingawa polepole.

Lazima niwe mwadilifu kidogo, maana kuna joto lisilo la seli. Kile kibao kidogo cha chaja tunachonunua kwa bei ya mandazi machache hupunguza umeme wa volti 5 kwa kuugeuza uliozidi kuwa joto. Seli ikiwa na volti 3.7 na mkondo ukiwa ampea 1, kibao kinabeba wati 1.3 peke yake. Ukikibana kibao hicho chini ya seli, utailaumu bure. Vilevile springi ya kishikizi ikiwa na kutu, ncha ya seli itachemka huku tumbo lake likiwa baridi. Kwa hivyo tazama joto liko wapi. Likiwa nchani, safisha springi ujaribu tena. Likiwa mwili mzima, kesi imekwisha.

Mbona niwe mkali hivyo kwa nyuzi kumi tu? Kwa sababu ya kinachoendelea ndani. Seli iliyoachwa bila chaji miezi na miaka hadi ikashuka chini ya volti 2, shaba iliyo ndani yake huanza kuyeyukia katika majimaji ya seli. Ukiichaji, shaba ile inarudi kuganda mahali pasipo pake na kutengeneza vijia vidogo vya shoti. Kati ya upande chanya na upande hasi pana utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele. Joto likifika nyuzi 80 hadi 120 hivi, ngozi inayoikinga kaboni ya upande hasi huanza kuvunjika, na kuvunjika kwenyewe huongeza joto. Utando ukiwa wa polithini huyeyuka karibu na nyuzi 130. Kutoka hapo seli haihitaji chaja tena, inajichoma yenyewe, na moshi wake una sumu. Safari hiyo yote ilianza na ile joto ndogo tuliyoiita ya kawaida. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Baadhi ya walimu wetu, na nawaheshimu, husema dawa ni kupiga marufuku. Mimi naona marufuku itaihamisha kazi hii kutoka maabarani hadi bwenini, chini ya godoro, saa tano za usiku, ambako hakuna kipimajoto wala mwalimu. Sisi tunaolala mabwenini hatuhitaji kuelezwa moto ni nini. Kutoka Kyanguli mwaka wa 2001 hadi Endarasha mwaka wa 2024 nchi hii imelia vya kutosha, na sitaji mikasa hiyo kwa kuwa betri ndiyo iliyoileta, la hasha, bali kwa kuwa godoro haliulizi cheche imetoka wapi.

Tena taa zetu hazibaki shuleni. Shule zikifungwa mtu hubeba taa yake nyumbani kwa fahari. Nyanya anafurahi kwamba mjukuu amemwondolea moshi wa koroboi, anaitundika karibu na chandarua, analala. Yeye hakuwapo tulipokuwa tukipima. Hajui kwamba seli ya tatu ilikuwa na joto kidogo na kwamba tukasema "itazoea". Jamani, seli haizoei.

Basi napendekeza Chama cha Sayansi, kwa idhini ya mwalimu mlezi, kiweke kanuni hizi. Seli yoyote iliyopatikana ikiwa chini ya volti 2 isichajiwe kabisa. Nyingine zichajiwe mchana, mtu akiwapo, juu ya sakafu ya saruji au karai lenye mchanga, kwa nusu ampea. Joto la chumba liandikwe kwanza, halafu la kila seli, mwanzoni, katikati, na hasa inapokaribia volti 4.2. Ikipita chumba kwa nyuzi 5, ikae chini ya macho. Ikipita kwa 10, itolewe, hata kama ni ya mwenyekiti wa chama. Na zilizofaulu zikae wiki mbili kabla ya kuungwa, zipimwe volti tena, kwa sababu inayovuja polepole mno kuweza kupata moto itajulikana kwa kushuka kuliko wenzake. Seli ikichemka ghafla, umeme ukatwe ukutani, watu watoke, na yeyote asiinuse kujua kama imeharibika.

Wapo watakaosema kwa kanuni kali hivi tutabaki na seli chache. Ndiyo, tutabaki na chache. Katika betri mbili zenye seli kumi na mbili tukipata saba, hizo ni taa saba za seli moja moja, na mwanafunzi wa saba atasoma vizuri tu. Zile tano zifunikwe ncha zake kwa utepe, zitiwe katika mkebe wenye alama nyekundu, na mkebe ukae nje ya maabara hadi siku ya kupelekwa kwa wakusanyaji wa taka za elektroniki. Nambari zake ziandikwe daftarini kwa wino, pamoja na joto lililozikataa, ili muhula ujao asije mtu akauona mkebe, akapima volti, akakuta 3.9, akadhani tulisahau.